Gemu Iliyomkataa Mwenyewe

Haya, kaeni sawa, na wewe uliyeegemea spika amka, maana hii ukiikosa utaenda kuiulizia kwa jirani na jirani hajui kusimulia kama mimi. Wahubiri wenye digrii wangewaletea mkulima na mbegu zake. Mimi niliyeachana na shule darasa la sita nawaletea gemu ya kompyuta. Mtachagua wenyewe nani anajua kuhubiri.

Kulikuwa na kijana mmoja fundi wa magemu. Miaka mitatu amejifungia chumbani anatengeneza gemu ya mtaa wao: kinyozi yumo, muuza vitumbua yumo, hata mbwa wa mwenyekiti yumo. Na mashine yake sasa! Feni zinawaka taa kama harusi, kadi ya michoro bei ya ng'ombe.

Gemu ilipoisha, ikabaki kuandika kitu kimoja: mashine ya mchezaji iwe na nguvu kiasi gani, kwa uchache? Kima cha chini. Sasa kima cha chini unakijuaje? Si unachukua kompyuta dhaifu, unajaribu, inakubali, unashuka tena? Yeye hakujaribu popote. Aligeuka, akaitazama mashine yake, akaandika nguvu zake zilezile. Mwisho wake ndio ukawa mwanzo wa wengine!

Dada yake, mwalimu wa chekechea, akaja na kilaptop chake, herufi mbili zimeng'oka.

"Kaka, niwekee na mimi basi. Watoto wangu wauone mtaa wao."

"Hiyo ni kompyuta au ungo? Kapepetee mchele, dada."

"Jaribu tu. Ikikataa nitanyamaza."

"Haijaribiwi. Gemu yangu ina hadhi."

Na akaenda kuweka kitasa. Ukiifungua gemu kwenye mashine iliyo chini ya ile yake, haiwaki, inakuletea maandishi mekundu: MASHINE HII HAINA HADHI. KATAFUTE NYINGINE, NDUGU. Alicheka peke yake alipoyaandika. Mnacheka na nyie? Chekeni, zamu yenu inakuja.

Yakafika maonyesho ya vijana. Kuna mgeni amekuja kutafuta gemu moja, moja tu, ya kuipeleka kwenye maduka ya mtandaoni. Kijana kapanga meza, mashine inawaka taa, watu wamejaa. Mgeni akiwa meza ya pili kutoka hapo, umeme ukakatika, ukarudi kwa hasira. Paaa! Moshi. Zile feni za harusi zikawa za msiba.

Akabaki na nini? Nakala ya gemu kwenye flashi. Na dada yake amesimama hapo na kilaptop kwenye kikapu, alikuja nacho akitumaini leo atawekewa.

"Dada, nakuomba. Nipe hiyo laptop."

"Ipi kaka? Huu ungo?"

Lakini ni dada, akampa. Kijana akachomeka flashi, mgeni akainama kutazama, na kioo kikawa chekundu. Mgeni akasoma kwa sauti, watu wote wakasikia: mashine hii haina hadhi, katafute nyingine, ndugu.

"Nani kaandika hivi?"

"Mimi."

"Basi umenifukuza wewe," mgeni akasema, akahamia meza inayofuata.

Subirini, hamjasikia bado. Mashine ilipotengenezwa, kijana akakifuta kile kitasa na maandishi yake, akaiweka gemu kwenye laptop ya dada yake. Ikawaka. Kinyozi akanyoa, mbwa akabweka, bila kukwama hata kidogo. Kumbe gemu haikuwa nzito. Zito lilikuwa lile sharti.

Sasa njooni, maana mlikuwa mnamcheka mwenzenu. Sisi hapa nani katuambia kwamba bila sare huimbi kwaya? Kwamba anayekwamakwama akiomba asiombe mbele za watu? Yule mama aliyekuja na kandambili, mhudumu akampeleka benchi la nje kwenye jua, Mungu ndiye alimpeleka? Tuligeuka tukajitazama, viatu vyetu, sauti zetu, kazi zetu, tukasema hicho ndicho kima cha chini cha neema. Na hatukumjaribu mtu hata mmoja. Neema ingewaka tu ndani yake, ndugu zangu! Tungeliona lile benchi la nje linaruka kwa shangwe!

Na umeme utarudi kwa hasira siku moja. Sauti itapotea, kazi itaisha, suti itakubana. Utakuja mlangoni hapa na moyo wa kuazima, herufi mbili zimeng'oka, na mlango utakusomea maandishi mekundu. Hayataandikwa na shetani. Mwandiko utaujua.

Futeni leo, wakati mashine yenu bado inawaka.