Chambo Kimoja, Visasi Vitatu

Sogeeni karibu, na anayetafuna atafune polepole, maana hadithi hii ina shauri ndani yake na mahakimu ni ninyi. Ilitokea kwenye mwalo mmoja, pale wavuvi wanapopandisha mitumbwi, wa Ziwa Tanganyika, upande huu wetu, ambako jua huzama nyuma ya milima ya Kongo. Walikuwepo watu watatu. Zaituni binti Mashaka alikuwa na mkono: akishika mshipi, samaki aliye chini kabisa husogea kama aliyeitwa kwa jina. Nzigilwa, fundi baiskeli, alikuwa na moto: chuma kilichowashinda wengine kwake kililegea. Na Nyanzobe, msusi, alikuwa na vidole: nywele alizozifunga kwa uzi zilikaa mpaka mwenyewe azichoke.

Alikuwepo na wa nne, Ntagaye. Huyo kipaji chake kilikuwa kuchukua.

Mnajua samaki yule mgebuka anavyomkimbiza dagaa. Mzee Mashaka, baba yake Zaituni, ndiye aliyekuwa wa kwanza mwaloni hapo kufunga manyoya meupe kwenye ndoana na kumdanganya mgebuka kwamba yale ni dagaa. Macho yalipomwisha, alimkabidhi kijana wake wa kazi, Ntagaye, ndoana zote na kalibu ya kumiminia vichwa vyake vya madini, avue kwa ajili ya nyumba zote mbili. Msimu wa kwanza Ntagaye alileta samaki. Msimu wa pili akaleta salamu. Msimu wa tatu akasimama mwaloni na kutangaza kwamba chambo cha manyoya alikibuni yeye, na kwamba mzee Mashaka, maskini, uzee umemfanya aone ndoto mchana. Watu wakacheka. Kicheko kile kilipanda kilima mpaka kitandani kwa mzee.

"Mwanangu," mzee alimwambia Zaituni, "samaki wake siwataki. Nataka nisikie jina langu mwaloni, na litoke kwenye kinywa kilekile kilicholifuta. Ila afanye haraka. Mimi si wa kungoja msimu mwingine."

Zaituni hakuwa mtu wa kusamehe, na mimi sitamsingizia. Alipotwanga mihogo, kila mchi ulioshuka ulishuka kichwani kwa Ntagaye. Alipolala alimwota, na katika ndoto zile Ntagaye hakuwahi kutoka salama.

Siku moja aliteremka mwaloni akaomba chambo kimoja tu, amvulie baba yake kitoweo. Ntagaye alizichezea ndevu zake, ndevu ndefu alizozipaka mafuta ya mawese na kuzichana kila asubuhi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Tengeneza chako, binti Mashaka! Si mnasema ni ufundi wa kwenu? Siku chambo chenu wenyewe kitakapojaza tenga kabla ya changu, aliyekitengeneza aombe jambo moja. Lolote. Aliombe kabla jua la siku hiyo halijazama, nami nitalifanya."

"Nimesikia," akasema Bi Chausiku, mwenyekiti wa mwalo. "Jambo moja, si mawili yaliyofungwa kamba. Na mwalo mzima umesikia."

Zaituni alirudi nyumbani akiwa na furaha ya ajabu, furaha ile ya mtu aliyeonyeshwa panga lilipofichwa. Akachukua ndoana, akaifungia kijiwe, akaizungushia manyoya ya tumbo la kuku. Chambo hicho kilipoingia majini, kijiwe kilitangulia, ndoana ikageuka kifudifudi, na manyoya yakashikana kama pamba iliyotolewa sikioni. Samaki hata mmoja hakukitazama mara mbili. Zaituni alilia, na machozi hayo hayakuwa ya huzuni.

Nzigilwa alimkuta akilia. "Unamtafutia Ntagaye dawa yake?" akauliza. "Basi nami nimo." Ntagaye ndiye aliyekwenda kwa wazazi wa Hadija, mchumba wake Nzigilwa, akawaambia kwamba fundi huyo huiba vipuri vya baiskeli za wateja. Ulikuwa uongo mtupu, lakini posa ilirudishwa, na Hadija sasa alikuwa akiolewa na mtu mwingine Ijumaa iliyokuwa inakuja. Nzigilwa akavunja betri kuukuu ya gari, akatoa risasi yake, yale madini laini yanayoyeyuka upesi, akayaweka ndani ya kopo la bati juu ya jiko la mkaa, uwanjani, moshi ukienda zake. Alikuwa amechonga kalibu ya udongo, tundu la umbo la harage. Kwa haraka ya hasira hakuingoja ikauke. Alipomimina, udongo ule mbichi uliitema risasi ikamrukia mkononi, na kovu lile analo hadi leo. Akachonga nyingine, akaikausha, akamimina tena. Safari hii risasi ilishika shingo ya ndoana, karibu kabisa na tundu la mshipi, na ncha ikabaki inatazama juu. "Hicho ndicho kichwa," akasema. "Sasa hakigeuki tena."

Nyanzobe alikuja bila kuitwa. Yeye alikuwa na jogoo mweupe, fahari ya ua wake. Ntagaye, kila alipoishiwa manyoya, alimvizia jogoo yule, akamnyonyoa shingo na mgongo, akamwacha atembee uchi mbele ya mitetea yake. Mwalo mzima ulimwita Nyanzobe mama mwenye jogoo wa kuoga. Mnacheka? Yeye hakucheka. "Kila mtu ana chuki yake," alisema, "msinipimie yangu." Manyoya yalikuwa yameota upya, akachomoa machache ya shingoni, membamba na marefu, akayafunga nyuma ya kichwa cha risasi kwa uzi wa kusukia nywele, akiuvuta kwa meno.

"Ongeza kidogo, dada," Zaituni akamsihi.

"Mteja hamfundishi msusi. Yakiwa mengi hayatachezacheza." Akakipaka kifundo rangi ya kucha, kisifunguke majini, na kwa rangi hiyohiyo akakitia kichwa jicho jekundu. Zaituni alipoliona jicho lile, alirudisha mkono nyuma. Kile kitu kilikuwa kinatazama.

Na Zaituni? Alikishusha ziwani, na mwanzoni hakuna kilichouma, maana chambo kizuri kwenye mkono mjinga ni pambo tu. Akakumbuka baba yake alivyomshika kifundo cha mkono alipokuwa mdogo: inua kidogo, kiache kishuke chenyewe, nyamaza. Samaki haumi kinapopanda, huuma kinapoanguka. Akainua, akaacha, akanyamaza. Mshipi ukastuka.

Asubuhi ya mashindano mitumbwi miwili iliingia ziwani, kila mmoja na tenga lake, na mwalo mzima ukasimama ufukweni. Upepo ulivuma, migebuka wakazama. Chambo cha Ntagaye kilikuwa chepesi, maana vichwa alivimimina vidogo ili kubania risasi, kikaelea juu huku kikitapatapa. Kichwa cha Nzigilwa kiliwafuata hukohuko chini. Samaki walipoanza kuuma, meno yao yalizifungua nyuzi za Ntagaye, na manyoya yakamwelea majini kama kwenye ua wa machinjio ya kuku. Uzi wa Nyanzobe haukulegea hata pindo moja. Kisha jua lilipokuwa kali, samaki wakawa wavivu, Ntagaye akatingisha mshipi kama mtu anayefukuza nzi. Mkono wa Zaituni ukainua, ukaacha, ukanyamaza. Tenga la Zaituni lilipofurika, la Ntagaye lilikuwa bado linaonyesha kitako.

Zaituni alipokanyaga mchanga hakuhisi uchovu. Alihisi utamu. Alimtazama Ntagaye akiteremka mtumbwini, akatamani njia ile ya kutoka majini iwe ndefu zaidi, ili aendelee kumtazama.

"Haya," akasema Ntagaye, akihema. "Mimi si mwizi wa ahadi. Jambo moja. Kwa nani?"

Hapo ndipo walipotazamana.

"Simama hapa," Zaituni akasema, "utamke mbele ya wote kwamba chambo hiki ni cha Mashaka. Baba yangu yuko mlangoni anasikiliza tangu asubuhi."

"Ngoja kwanza," akasema Nzigilwa. "Twende naye sasa hivi kwa kina Hadija, akaseme alinisingizia. Ijumaa ni keshokutwa, Zaituni. Baba yako akikosa leo, watu bado watajua. Mimi nikikosa leo, nimekosa."

"Watu watajua nini? Watu hawa waliocheka?"

Nyanzobe alikuwa tayari na wembe. "Maneno atayasema huku moyoni anacheka, na kesho atasema alilazimishwa. Ndevu hawezi kusema alizikopesha. Nimnyoe hapahapa, nusu uso, atembee mwaloni kama jogoo wangu alivyotembea."

"Ndevu zinaota, dada!"

"Na manyoya yaliota. Aibu yangu imeota?"

Zaituni aliwatazama watu wale aliokuwa amekula nao muhogo kwenye sahani moja, na kwa mara ya kwanza chuki yake ilimhama Ntagaye ikawakaribia wao. Ilimtisha. Lakini hakurudi nyuma, wala wao.

Na Ntagaye, kipaji chake cha kuchukua kikiwa kimemjaa mpaka kwenye kope, aliliona pengo lile akaingia. "Mama mwenyekiti," akasema kwa adabu, "niliahidi jambo moja kwa aliyetengeneza chambo. Wanitajie ni nani. Mtu mmoja. Jua likizama bila jina, mimi sidaiwi."

Bi Chausiku alifikiri, akakunja uso, na ilimuuma kusema: "Ndivyo ilivyotamkwa. Mmoja, kabla ya jua kuzama."

Zaituni akasema bila mkono samaki hashikwi. Nzigilwa akainua kovu lake akasema bila kichwa hakuna chambo. Nyanzobe akasema bila manyoya mgebuka hamwoni dagaa, anaona risasi. Wote walisema kweli, na wakabishana mpaka alasiri ikaisha. Kule kilimani mzee Mashaka alikohoa, na Zaituni alikijua kikohozi kile.

Basi, niwaachie ninyi. Jua limegusa milima ya Kongo. Nyanzobe ameshika wembe, Nzigilwa ameshika baiskeli yake tayari kwa safari, Zaituni ameshika chambo chenye jicho jekundu, na mlangoni mzee kipofu ametega sikio. Ntagaye amekaa juu ya tenga lake, anazichana ndevu kwa vidole, na macho yake yako kwenye jua. Jina moja tu. Je, wewe ungemtaja nani?

Semeni basi! Mbona mnatazamana? Hivyo hivyo mnavyotazamana, ndivyo Ntagaye anavyotabasamu.