Jiwe Lililoacha Kujibu

Paukwa!

Pakawa!

Wewe wa nyuma mbona hujaitika? Umeshakula mihogo? Itika, bwana! Hadithi hii inawapenda sana wanaonyamaza.

Hapo zamani za kale Fuko alichimba mihogo, Nungunungu akaibeba, Kima akaipeleka mbele. Nungunungu na Kima walipokezana kwenye jiwe. Desturi yao ilikuwa hii: unatua mzigo, unagonga jiwe, ko ko ko! Aliye upande wa pili anajibu, ko ko ko! Unaokota chumvi yako, ndiyo ujira wako, unakwenda zako. Huulizi. Husemi. Mwenzako asije akakuibia shamba, au akakuibia mteja.

Siku moja Nungunungu akanusa mzigo. Mh!

"Bwana Fuko, hii umeichimba wapi?"

"Upelelezi umeanza lini? Beba, gunia la sindano wewe!"

"Na wewe kipofu, huo ulimi wa nini?"

Wakacheka. Nungunungu akabeba. Inanuka, alijisemea, lakini mlaji si mimi.

Akagonga. Ko ko ko! Akajibiwa.

Kesho yake akagonga tena. Ko ko ko!

Kimya.

Hakuna ndege. Hakuna nyuki. Jua la utosi, na kimya.

Akachungulia nyuma ya jiwe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kima ameketi. Mkono umeinuliwa kugonga. Macho wazi, povu mdomoni. Hagongi.

Nungunungu akafuata nyayo za Kima bondeni, miiba yake ikigongana, cha, cha, cha. Akafika kijijini. Moto unawaka. Chungu kinatokota, bu bu bu. Wanyama wameketi duara kama wageni wa harusi, na hakuna anayetafuna.

Akaona ua anaoujua. Yeye huja huku kwa njia ya mtoni. Lo! Ni kwa mkwewe! Mihogo yote ile alikuwa akimbebea bintiye, Mwanamiba, bila kujua.

"Baba, karibu!" Mwanamiba ameshika kipande. "Ndiyo kwanza natoka kuteka maji. Wenzangu wameshiba mpaka hawanisemeshi."

Kipande kikapanda mdomoni.

Pwaa! Nungunungu akampiga mkono, kipande kikaanguka majivuni.

Akarudi kwa Fuko, akamweleza aliyoyaona.

"Nilihamia kinamasini," Fuko akasema. "Ile ni michungu, sharti ilowekwe kwanza. Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ungelijua shamba langu."

Nungunungu akainama. "Nami nilinusa, nikanyamaza."

Tangu hapo hakuna mzigo unaotuliwa bila kutajwa: umetoka wapi, una nini, unaliwaje. Mnaopokezana mzigo, pokezaneni na habari zake. Anayezificha humuua asiyemjua, na huenda akawa ni mwanawe.

Na Nungunungu? Mpaka leo, jua likisimama utosini, jiwe hugongwa, ko ko ko. Nyuma yake hakuna mtu. Naye hujibu kwa sauti, "Michungu! Ilowekeni kwanza!"

Hadithi yangu imeishia hapo, jiweni. Wewe wa nyuma, bado umenyamaza?