Senene wa Taa za Rweyongeza

Kokutona alikuwa akitwanga senene wakavu, wale panzi watamu wa kuliwa, unga ukinukia kama karanga za kukaanga, jirani alipomwita: "Dada, Rweyongeza anakuja na mwenyekiti wa kijiji kukunyang'anya unga!"

Tajiri Rweyongeza hakubisha hodi. "Senene hao walivutwa na taa zangu. Ni wangu."

"Kwa hiyo, baba, ukivuta kitu kinakuwa chako?"

"Ndiyo sheria!"

"Mwenyekiti, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi, baba, beba unga. Ila harufu yake imevuta mitetea wako wote, wapo nyuma ya nyumba. Sasa ni wangu."

Rweyongeza akamsogezea unga. "Unga baki nao. Nipe kuku wangu."

Akaanza kuwaswaga kwenda kwake, akihesabu. Mitetea wote walikuwepo. "Na jogoo?"

"Yeye alitangulia kufika," alisema Kokutona, akiwapakulia wanawe mchuzi wa kuku.