Gamba la Konokono na Nyonga ya Bi Nyati

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri. Mwenye kukohoa akohoe sasa.

Hapo zamani za kale palikuwa na mti wenye utomvu mweupe. Ukiunywa kidogo, maumivu yanalala. Ukiunywa sana, unalala wewe.

Mganga wa utomvu alikuwa Nungunungu. Fisi naye aliugawa, ila hakumwuliza mtu anaumwa wapi. Ngedere mdogo akanywa kwa Fisi. Akanywa leo, akanywa kesho, akashindwa kuacha. Siku moja akasinzia juu ya tawi. Pu! Akafa.

Mama yake akaenda kwa Simba akilia. Simba akatoa amri: "Kila mgonjwa apimiwe utomvu gamba moja la konokono kwa siku. Panya gamba moja, Tembo gamba moja. Mganga atakayezidisha, nitamnyang'anya mkoba wake wa dawa."

Sasa, Bi Nyati aliumia nyonga. Hakuweza kusimama. Na kundi lake lingehama siku ya tatu kufuata maji. Asiyesimama huachwa.

"Niongeze, Bwana Nungunungu."

"Siwezi, mama. Amri."

"Gamba moja kwangu ni umande! Hiyo amri ilinipima lini?"

Miiba ya Nungunungu ikalia cheke-cheke-cheke kwa hofu. Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili ikapita.

Siku ya tatu, asubuhi, akaenda kwa Simba.

"Mzee, mkoba huu hapa, chukua. Lakini kwanza njoo ukae na mgonjwa."

Simba akaenda. Mama Ngedere akafuata. Bi Nyati akapewa gamba moja. Wakakaa. Bi Nyati akauma meno, akatetemeka, ng'ii, ng'ii.

"Bado?" akauliza Simba.

"Bado, mzee."

"Na sasa?"

"Mzee, unaniuliza kama tunapika maharage! Bado!"

Nungunungu akanyoosha mkono achote tena. Mama Ngedere akadakia: "Usiongeze! Mwanangu naye alianza na kidogo tu."

"Nani alimwuliza anaumwa wapi?" akasema Nungunungu taratibu.

"Hakuna."

"Nani alirudi kesho yake kumtazama?"

Mama Ngedere akainamisha kichwa. "Hakuna."

Simba akakuna shavu. "Mama, amri hii niliitoa kwa machozi yako. Basi gamba shika wewe."

Mama Ngedere akachota. La pili. La tatu. La nne. La tano. Bi Nyati akaacha kulia. Mama Ngedere akafunika chungu.

"Basi."

Bi Nyati akainuka. Kuti, kuti, akachechemea kulifuata vumbi la kundi lake. Mganga na Mama Ngedere wakaenda naye.

Simba akabadili amri: mganga aulize, apime, arudi kutazama. Aliyenyang'anywa mkoba ni Fisi.

Kesho yake Mama Ngedere akauliza, "Leo unaumwa wapi?" Akasikiliza mpaka mwisho. Ndipo akachota magamba manne.

Wasikilizaji wangu, amri inayomlinda mmoja isimsahau mwingine. Kabla ya kupima dawa, pima maumivu.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye gamba la nne.