Darasa Lililomshukuru Mwalimu

Mwanamke mmoja alikuwa akilea watoto wa wenzake nyumbani kwake, mama zao wakiwa kazini. Siku moja mtoto akapaliwa na karanga. Yule mama akamtikisa, akaita majirani, na karanga ikatoka yenyewe kwa rehema za Mungu. Akaapa hatabahatisha tena. Akajiandikisha darasa la mtandaoni la huduma ya kwanza kwa watoto, moja ya haya mnayosomea kwenye simu huku maharage yanaungua.

Jumamosi mchana likafika somo lenyewe: mtoto akipaliwa, ufanye nini. Mwalimu akatokea kwenye kioo cha simu, mdomo unacheza, mikono inaonyesha. Sauti hakuna. Mama akaongeza sauti, akaigonga simu, akaibana sikioni. Kimya. Na wenzake wanaandika tu: "Asante mwalimu." "Tumeelewa mwalimu." "Somo tamu."

Akamwambia mdogo wake, "Mimi sisikii kitu. Ngoja niwaambie."

"Dada, utajiaibisha. Humo kuna walimu wa chekechea. Andika umeelewa, utauliza baadaye."

"Baadaye ipi? Mtoto akipaliwa nimwambie asubiri?"

Akaandika: "Mimi sisikii."

Mnadhani walimcheka? Mwalimu mmoja wa chekechea akaandika, "Hata mimi." Mwingine, "Nilidhani ni simu yangu." Wakamiminika. Kumbe mwalimu alisahau kufungua sauti tangu alipoanza. Hakuna aliyesikia hata neno, na darasa zima lilikuwa linamshukuru.

Somo likaanza upya. Na watu wale, waliokuwa wakisalimiana kwa vidole tu, wakaanza kupigiana simu na kuulizana, hadi wakamaliza masomo yote.

Sasa sisi hapa kanisani. Tumekaa benchi moja, mabega yanagusana, hata mtandao wa kuusingizia hatuna. Mhubiri akisema lolote, "Amina." Ukimuuliza mtu mlangoni amesikia nini, anakusifia kwaya. Ukimuuliza habari za nyumbani, "nzuri," na nyumbani hapakaliki. Nani atakusaidia katika shida ambayo umeshaitolea shukrani? Mwenzako atabebaje mzigo uliouficha ndani ya khanga? Halafu tunanung'unika kwamba kanisani hakuna upendo. Upendo utampenda nani, ikiwa kila aliyekuja ameiacha nafsi yake ya kweli nyumbani?

Nimemaliza, na msiniitikie Amina. Kila mtu amgeukie aliyekaa naye, amwambie jambo moja linalomshinda. Mimi sina haraka. Nitakaa hapa mpaka nisikie mnaongea.