Pazia Lililovuta Sigara

Nianze kwa kuomba radhi, maana hadithi hii nitaiharibu. Nimeijaribu kwa mke wangu, akalala. Nimeijaribu kazini, nikahamishwa meza. Wanaojua kusimulia wapo, ila leo wote wana shughuli, wako kwenye simu wanaandika komenti. Basi mnivumilie mimi. Na mkiona nimekosea msiniandikie. Niambieni usoni, kama bado yupo mtu anayekumbuka jambo hilo linafanywaje.

Walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza, Hamza Singano wa Korogwe, alijaliwa macho. Mwoneshe video ya mtu anapika pilau, atakwambia mpishi kavaa kandambili za rangi mbili, swichi ya ukutani imelegea, na paka aliyepita nyuma ana mimba. Muulize pilau ilikuwa ya nyama au ya kuku. Hajui. Pilau hakuiona.

Wa pili, Jestina Mallya wa Arusha, alijaliwa kidole gumba. Hakuna video iliyowahi kukaa mbele yake zaidi ya sekunde tatu. Ikifika sekunde ya nne imeshatua kwenye grupu la harusi, grupu la kwaya, grupu la kikoba, na grupu la msiba ambao marehemu wake alishazikwa mwaka juzi. Muulize ametuma nini. "Sijui," atasema, "ila inachekesha."

Wa tatu, Swaleh Mwinyi wa Mombasa, alijaliwa ulimi. Mtandaoni alijiita Daktari wa Ladha. Nyumbani hajawahi kuchemsha hata chai. Uji anakorogewa na mamake, na uji wenyewe anaulalamikia. Lakini mpishi yeyote aliyethubutu kupika mbele ya kamera, kutoka Lamu mpaka Lindi, alishapata dawa ya daktari huyo, na hakuna aliyepona.

Hawa watatu hawakujuana. Laiti ingebaki hivyo. Aliyewakutanisha ni Bi. Mwantumu.

Bi. Mwantumu ni mjane wa Muheza anayepika mkate wa sinia. Kila alasiri aliiegemeza simu yake kwenye kopo la unga, akaweka ubavuni kadi yenye namba ya kuagizia, akapika mubashara. Hilo ndilo lilikuwa duka lake. Anayetazama leo ndiye anayeagiza kesho, au ndivyo alivyoambiwa na waliomfundisha, maana wengi walitazama leo, wakatazama kesho, na kesho kutwa wakauliza kama mkate una chumvi.

Wiki moja kabla ya mkasa, watazamaji waliucheka ukuta wake. "Mama, huo ukuta umepakwa lami?" Yalikuwa ni masizi, miaka ishirini ya kulisha watu. Neno hilo likamchoma moyoni. Akatafuta pazia la maua, akalitundika kwenye ufito nyuma ya kigoda chake, ukuta usionekane. Waliocheka ukuta wakahamia kucheka pazia.

Sasa, mkate wa sinia una adabu zake. Unataka moto chini na moto juu. Unapalia makaa juu ya kifuniko, ndipo uso wa mkate uive na kubadilika rangi. Bi. Mwantumu alikuwa akipalia miaka yote sufuria ikiwa nyuma yake, mbele ya ule ukuta mweusi, na ukuta hauungui. Siku ya mkasa alipalia vilevile, akakaa kigodani uso kwa simu, akaanza kueleza habari za hiliki. Upepo wa dirishani ukaunyanyua upindo wa pazia, ukaulaza juu ya makaa.

Hamza akauona moshi. Watazamaji walikuwa mia nne, na ni yeye peke yake aliyeuona, ukiwa bado mwembamba kama uzi. Kadi yenye namba aliiona pia. Alishaona hata kona yake imeliwa na mende. Simu ilikuwa mkononi mwake. Akaandika: "Pazia linavuta sigara." Akatia vikatuni sita vya kucheka mpaka machozi. Watu mia nne wakacheka naye.

Kicheko hicho kikapanda mpaka Arusha, alikokuwa Jestina saluni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu inasubiri. Akaona vikatuni vinafurika kwenye kioo cha simu kama mapovu ya omo. Hakutazama vinacheka nini. Kidole kikafanya kazi yake, video ikaenda kwenye magrupu yote. Moja lilikuwa la harusi ya binamu yake, aliyeolewa Muheza, na ndani ya grupu hilo alikuwemo Mama Tabu, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwa Bi. Mwantumu. Mama Tabu alikuwa uani anafua. Akafungua, akalitambua pazia, akainyanyua ndoo na mashuka yake ndani, akatoka mbio.

Huko Mombasa, Swaleh hakuona moshi wala pazia. Yeye alikuwa anaukodolea macho mkate wa kwanza, ulioiva na kuwekwa kwenye sinia mbele ya kamera, mzuri, wenye rangi. Akaandika: "Huo si mkate, ni godoro la gesti." Bi. Mwantumu kwa kawaida hasomi komenti. Hana miwani, na maandishi yanapita mbio. Lakini tusi halihitaji miwani. Aliona neno "godoro", damu ikamchemka. Akainuka, akachukua simu, akaenda mlangoni kwenye mwanga alisome vizuri, ampe mwenyewe jibu lake. Mguu wake ulipogusa kizingiti, ufito ukakatika, pazia zima likaangukia kigoda likiwa linawaka.

Mama Tabu akafika na ndoo, akamwaga maji na mashuka kwa pamoja. Moto ulizimika hatua mbili kabla ya kuufikia mtungi wa gesi uliokuwa pembeni. Jikoni kukabaki harufu ya sabuni na kitambaa kilichoungua.

Bi. Mwantumu akarudi kutoka mlangoni, akaliangalia jiko lake. Simu ilikuwa bado mkononi, bado mubashara. Ndipo akaweka nadhiri mbele ya watu wote wale. "Wallahi, mtazamaji aliyeniokoa nitampikia kuku mzima wa nazi kwa mkono wangu, na jina lake nitalitaja hapahapa. Na sitapalia mkate mwingine mpaka mtu huyo amekula."

Mama Tabu alikuwa anakamua shuka lake. "Mimi usinitie humo," akasema. "Nizime moto wa jirani halafu nilipwe kuku? Nirudishie ndoo yangu, nina mashuka ya kurudia."

Basi nadhiri ikawabakia watazamaji. Na nadhiri si komenti, kwamba ukiona imekuletea aibu unaifuta.

Kesho yake wote watatu wakajitokeza. Jana wakati wa moto hakuna aliyekuwa na jina, kila mtu picha ya gari au ya ua. Leo kuna kuku, wameleta na majina ya babu zao. Bi. Mwantumu akawaweka kwenye simu, vichwa vitatu juu ya kioo kimoja.

"Shangazi, moto niliuona mimi," akaanza Hamza. "Nisingeandika, hata hao wasingejua."

"Uliuona, mwanangu. Na namba yangu?"

"Niliiona."

"Ukanipigia?"

Hamza akajikuna shingo. "Nilidhani ni utundu wa video, shangazi. Siku hizi watu wanatia moshi."

Jestina akaingilia. "Mama, huyo aliandika akabaki anacheka. Mimi ndiye niliyemfikishia mwenye ndoo. Bila mimi Mama Tabu angekuwa bado anafua."

"Ulijua kuwa naungua?"

"Kusema kweli, mama, sikujua hata kama ni jikoni."

Swaleh akakohoa kama wakili. "Mamangu, hao waliokoa nyumba. Mimi niliokoa mwenye nyumba. Ningekusifu, ungekaa palepale ukitabasamu, na saa hizi ungekuwa mshikaki."

"Kwa hiyo ulinitukana kwa kunitakia mema?"

"Hapana. Nilimaanisha. Lile ni godoro."

Bi. Mwantumu akazima simu, akaifunika kwa bakuli.

Leo ni siku ya nne. Kuku yumo uani, anatembea kwa raha kuliko mtu yeyote Muheza. Maulidi ya Ijumaa yamemwagiza mikate thelathini, jiko limepoa, na aliyeagiza ameshapita mara mbili kuchungulia. Akikosa oda hiyo, nyingine hazitakuja.

"Si umtaje yeyote tu yaishe," Mama Tabu akamwambia.

"Sikuapa yeyote. Niliapa aliyeniokoa."

Akimpa Hamza, amemlisha mtu aliyemwona anawaka akacheka. Lakini bila kicheko kile hapangekuwa na cha kutuma. Akimpa Jestina, amemlisha mtu asiyejua hata alichofanya. Lakini bila kidole chake ndoo isingekuja, na mtungi ule ungeondoka na nyumba tatu. Akimpa Swaleh, amemlisha mtu aliyemtukana na bado anamtukana. Lakini bila tusi lile pangebaki nyumba, na kigodani pangebaki majivu yake. Jana nilimsikia anamwambia kuku, "Nikimwachia paka akule nitakuwa nimekosea wapi?"

Haya. Nyinyi mnaonitazama kama mnatazama video, hata makofi hamna. Je, kuku ni wa aliyeona akacheka, ni wa aliyetuma bila kuona, au ni wa aliyetukana akaponya? Ungekuwa wewe ndiye Bi. Mwantumu, jiko limepoa na Ijumaa inakuja, ungelitaja jina la nani?

Mimi msiniulize. Mama Tabu anakaa nyumba ya tatu. Ya pili, tunayochangia ukuta na Bi. Mwantumu, ni yangu. Siku ile nilikuwa nimejilaza mkekani natazama video ileile, na moshi uliponiingia puani nikasema moyoni, simu hii mpya si mchezo, inaleta mpaka harufu. Nikaupenda mkate ule, nikabonyeza alama ya moyo, nikajigeuza upande wa pili.