Kijiti cha Bi Pimbi na Mkia wa Ngiri

Niacheni nipepete mchele wangu. Nyumba imejaa wasomi. Mwanangu Shomari anafundisha chuo kikuu, mkewe ana digrii mbili, halafu hadithi aombwe nani? Niombwe mimi, niliyeacha shule darasa la pili kwa sababu mwalimu alikuwa ananuka tumbaku. Haya. Wewe, toa mguu kwenye ungo. Na wewe Shomari, zima hiyo simu. Kikao chako kitakungoja, sijasikia hata siku moja kikao kimekufa. Nasimulia mara moja tu, sirudii.

Paukwa!

"Pakawa!"

Hiyo ni sauti ya mgonjwa wa malaria. Paukwa!

"Pakawa!"

Afadhali.

Hapo zamani za kale wanyama walijenga chuo kikuu. Hakikuwa cha mtu, kilikuwa cha wote. Tembo alibeba magogo. Siafu walibeba mchanga, punje punje, punje punje, mpaka kuta zikasimama. Ndiyo maana walipomaliza wakasema, "Cha wote hakiamuliwi na mmoja." Wakamweka Makamu Mkuu wa Chuo akae kitini. Wakaweka na Baraza la Walimu limtazame anavyokaa. Jambo likitokea, sharti baraza likutane. Mwenye kuafiki anainua mkia. Mikia inahesabiwa. Karani anaandika. Kikao kinachofuata, yale yaliyoandikwa yanasomwa na kuthibitishwa, ndipo yanakuwa sheria. Kabla ya hapo ni maneno tu, kama ya mlevi.

Katika baraza hilo alikuwamo Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mdogo, mnene, kama sungura aliyepunguzwa masikio. Anakaa mawemaweni. Hana mkia. Nasema hana, hata wa kufukuzia inzi! Nyinyi mnaotukanana "pimbi wewe", leo fungeni midomo msikilize.

Basi kwa kuwa hana mkia, baraza lilimruhusu apige kura kwa kijiti. Wenzake wanainua mikia, yeye anainua kijiti. Wenzake wanacheka, kwi kwi kwi.

"Bi Pimbi, leo tena umekuja na kuni?" Nyani alikuwa akimtania.

"Nimekuja nazo, mtani. Hayo makalio yako yamewiva upande mmoja tu, ngoja niyageuze."

Bi Pimbi alikuwa mkuu wa Idara ya Mizizi. Shamba lake la kufundishia lilikuwa nyuma ya madarasa: mihogo, magimbi, viazi vikuu, viazi vitamu. Yeye mwenyewe hali mizizi, anakula majani. Ndiyo maana akapewa. Waliojenga chuo hawakuwa wajinga, walijua fisi haachiwi bucha.

Na kulikuwa na kiazi kimoja. Miaka saba Bi Pimbi alitafuta kiazi kisichokufa kwa kiangazi. Alipanda, kikakauka. Akapanda, kikakauka. Akapanda. Mwaka huo kilikubali. Kilikuwa bado ardhini, kinanenepa, kinangoja siku yake. Kikikomaa, kila kijiji cha wanyama kitapata mbegu, na kiangazi kitakuja kupiga hodi kikute watu wameshiba.

Sasa Makamu Mkuu wa Chuo alikuwa nani? Ngiri. Ngiri wa siku hizo alikuwa na mkia mrefu unaoburuzika chini, na vikaoni alikuwa akiukalia. "Mwenyekiti hana upande," alikuwa akisema, na mkia uko chini ya matako, hakuna anayejua unataka nini. Kila asubuhi alipita kando ya shamba la Bi Pimbi. Pua yake fwo, fwo, fwo. Mate yake tii, tii, tii.

Siku ikafika ya kikao. Wakaanza asubuhi. Ajenda ya kwanza, mlango wa maktaba upakwe rangi gani. Wakabishana mpaka jua likapanda. Wakaunda kamati ya rangi. Ajenda ya pili, nani ataisimamia kamati ya rangi. Wakaunda kamati ya kuisimamia kamati. Jua likafika utosini. Likapita. Matako yakafa ganzi. Matumbo yakaanza, ngurrr, ngurrr.

Wakafika kwenye Mengineyo. Shomari anacheka, anaijua. Mengineyo ni pale mwisho, pa kutajia misiba na harusi. Na katika chuo hicho desturi ilikuwa kwamba chakula kinaletwa kwenye Mengineyo. Bi Kanga, mpishi, alikuwa nyuma ya ukuta wa makuti na chungu chake.

Ngiri akasema harakaharaka, kama mtu anayemeza dawa chungu: "Mengineyo. Shamba la Idara ya Mizizi lifungwe, liwe Kituo cha Umahiri cha Matope, chini ya ofisi ya Makamu Mkuu. Wanaoafiki? Kho! Kho!"

Nyuma ya ukuta, kifuniko, fuu!

Pilau! Bizari, iliki, vitunguu vya kukaanga. Harufu ikaingia barazani bila kubisha hodi. Na mnyama mwenye njaa akinusa chakula anafanyaje? Anasimama. Pua juu, mkia juu. Tembo, mkia juu! Punda Milia, mkia juu! Nyani, mkia juu! Baraza zima mikia imesimama kama shamba la mabua.

"Kwa kauli moja!" akasema Ngiri.

"Kwa kauli moja! Kwa kauli moja!" akaitikia Kasuku, karani wa baraza, akaandika.

Bi Pimbi akaruka juu ya kiti. "Kauli moja ipi? Mimi sijainua kijiti!"

Nani amsikie? Sahani zilikuwa zinalia kuliko yeye. Akamfuata Kasuku mezani.

"Karani, umeandika uongo."

"Mama, mimi naandika ninachoambiwa," Kasuku akasema, wali mdomoni.

"Na unachokiona?"

"Sikuajiriwa kuona."

Kesho yake Bi Pimbi akaenda kwa Tembo. "Baba mkubwa, kweli umepiga kura shamba langu liwe matope?"

"Shamba gani?" Tembo akashangaa. "Mimi nilidhani wali umeiva."

Akaenda kwa Punda Milia. Punda Milia akatazama chini. "Dada, mkia ulitangulia. Mimi nilikuja nyuma yake."

Bi Pimbi akarudi akakaa juu ya jiwe lake. Hakulia. Kilio hakipalilii shamba. Akahesabu siku: kikao kijacho ni mwezi ujao, kumbukumbu zitasomwa, zitathibitishwa, na shamba litakuwa la Ngiri kwa sheria. Kiazi chake cha miaka saba kitaishia kwenye tumbo moja. Akawaza, akawaza. Kisha akashuka kwenye jiwe akaenda jikoni.

"Hodi, shoga."

"Karibu, Bi Pimbi. Usikae hapo, pana masizi."

"Nieleze, shoga. Siku ile ulijuaje saa ya kufunua chungu?"

Bi Kanga akafuta mikono. "Niliambiwa na Mkuu. Alisema, ukisikia kikohozi, funua. Maskini, anaumwa yule. Tangu aliponiambia hivyo nampelekea tangawizi."

"Alisema kikohozi cha nani?"

Bi Kanga akafikiri. "Hapana. Alisema ukisikia kikohozi, basi."

"Ahaa," akasema Bi Pimbi. "Na mimi naona kifua kinaanza kunibana."

Akarudi shambani. Akaenda kwenye tuta la kiazi chake. Hakikuwa kimekomaa sawasawa. Akachimba kapu moja, moja tu, na kila kiazi alichokitoa alikitazama kama mama anayempeleka mtoto jandoni. Akavipeleka kwa Bi Kanga. "Siku ya kikao usipike pilau. Pika hivi, na tui zito. Shindilia kifuniko, harufu isitoke kabla ya saa yake."

Siku ikafika. Baraza likakaa. Nje, nyati wawili walisimama na majembe begani. Ngiri aliwaita waanze kuchimba dimbwi mara tu kumbukumbu zikithibitishwa. Bi Pimbi aliwaona dirishani. Akakaza mkono kwenye kijiti chake.

Ngiri alifungua kikao alfajiri, kabla yeyote hajapata kiamshakinywa, kwa jinsi alivyokuwa na haraka. Akaukalia mkia wake. "Kumbukumbu za kikao kilichopita mmezisoma, au sivyo? Tuthibitishe."

Kijiti juu.

"Nini tena, Bi Pimbi?"

"Mwenyekiti, taratibu zinasema kabla ya kuthibitisha, mjumbe anaweza kuleta nyongeza."

"Iwe fupi."

"Fupi kama mimi. Naomba iongezwe hivi: Makamu Mkuu wa Chuo asile mzizi wowote, maisha yake yote. Wanaoafiki? Kho! Kho! Kho!"

Nyuma ya ukuta, fuu!

Wajukuu zangu, kiazi kitamu kwenye tui zito mnakijua. Lakini hicho cha miaka saba hamkijui. Harufu ilitoka kama mgeni aliyefungiwa. Tembo, mkia juu! Punda Milia, mkia juu! Nyani, mkia juu! Na Ngiri? Ngiri alijikaza. Akashika kiti kwa mikono miwili. Akabana matako. Jasho likamtoka puani. Mkia ukafurukuta huku, ukafurukuta kule, mara chwapu! Ukachomoka ukasimama wima, na kishungi chake kinapepea juu ya kichwa cha mwenyekiti.

"Kwa kauli moja! Kwa kauli moja!" Kasuku akaandika.

"Futa!" Ngiri akapiga kelele. "Futa wewe! Hiyo si kura! Hiyo ni harufu!"

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Mwenyekiti," akasema Bi Pimbi polepole, "sema tena, karani aandike."

Tembo akawa wa kwanza kuelewa, ingawa kwake huchukua muda. "Kumbe. Basi na ya mwezi uliopita?"

"Mwezi uliopita ilikuwa tofauti," akasema Ngiri.

"Tofauti gani?" akauliza Punda Milia.

"Ilikuwa... ilikuwa pilau."

Baraza likapasuka kwa kicheko. Nyani akaanguka chini ya meza. Bi Kanga akatoka jikoni na upawa mkononi. "Kumbe kikohozi chenyewe ndicho hicho! Na tangawizi yangu yote ile, Mkuu, ulikuwa unakohoa sheria?"

Wakataka kumhukumu pale pale. Bi Pimbi akakataa. "Kaeni. Kuleni kwanza. Mwenye njaa asipige kura tena katika chuo hiki."

Wakala. Wakalamba vidole. Mikia yote ikashuka, ikatulia, kila mmoja akabaki na akili yake. Ndipo wakapiga kura. Shamba la mizizi libaki kuwa shamba la mizizi. Nyati wakaambiwa warudi na majembe yao, wakarudi, wamekula vilevile. Kasuku akaambiwa kuanzia leo aandike anachokiona, akalalamika kwamba ni kazi mbili. Na Ngiri akanyang'anywa kiti.

"Na mizizi asile milele!" Nyani akadai. "Yeye mwenyewe ameafiki, mkia tumeuona!"

Bi Pimbi akatikisa kichwa. "Mtani, ngiri asiyekula mizizi ni mzoga, nami sina nafasi ya kaburi shambani kwangu. Atakula. Ila kuna mambo mawili atayalipa." Akayataja. Akainua kijiti chake. Na siku hiyo, wajukuu zangu, kijiti kilitangulia, mikia ndiyo iliyofuata, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyecheka.

Kile kiazi kilikomaa na mbegu zikagawiwa. Kiangazi kilikuja, kikapiga hodi, kikaondoka kwa aibu.

Sasa mafunzo yake, msije mkasema bibi alitupigisha domo tu. Cha wote hakiamuliwi kwa kikohozi. Na anayepiga kura kwa tumbo, atatawaliwa na mwenye chungu. Shomari, umesikia? Ukienda vikaoni, kula nyumbani kwanza.

Na malipo ya Ngiri? Nendeni porini mkayaone wenyewe. La kwanza, kila akikimbia, mkia sharti usimame wima, tii, kama bendera, ili kila mtu aone kutoka mbali anaelekea wapi. Haukaliwi tena. La pili, kila akitaka kula mzizi, anapiga magoti kwanza, na mzee mzima yule, kumwomba ruhusa mwenye shamba. Mpaka leo anapiga magoti. Na hapo alipopiga magoti Ngiri, ndipo hadithi yangu ilipokaa chini.